Njugu Anafundishwa Kunyamaza

Asubuhi mapema, kabla ya zamu yake, mtangazaji wa stesheni ya treni alimtoa mbwa wake nje akajisaidie. Mbwa alikuwa mdogo, wa kahawia, miguu mifupi, na aliitwa Njugu. Mbele ya duka la dawa walimkuta mwenye duka akihangaika na kufuli, mbwa wake mweupe amekaa pembeni akijikuna sikio. Njugu alisimamisha manyoya ya mgongoni, akavuta kamba mpaka ikamkaba shingo, akatoa meno yote aliyojaliwa, kisha akasema:

"Umejichafua tena? Mtu mzima na akili zako! Huoni aibu?"

Alisema kwa sauti ya mtangazaji. Si kwamba ilifanana nayo. Ilikuwa yenyewe hasa, ile sauti laini inayoshuka kidogo mwishoni, ambayo mji mzima uliijua kwa sababu ndiyo iliyowaambia watu treni yao iko jukwaa gani. Bwana mmoja aliyekuwa akipita na begi alisimama, akatoa tiketi yake akaikagua, akaona haimhusu, akaendelea na safari.

Mbwa mweupe alirudi nyuma mkia ukiwa katikati ya miguu. Mwenye duka akambeba.

"Za asubuhi, jirani," alisema mwenye duka la dawa.

"Nzuri. Samahani sana. Bado hajatulia."

"Aa, wanyama tu hao. Mama hajambo?"

"Hajambo. Anakusalimu."

Mama hakuwa amemsalimu mtu. Mtangazaji aliivuta kamba akaondoka macho yakiwa chini, masikio yanamchoma, akitamani ardhi ipasuke immeze. Ardhi haikupasuka. Mbele zaidi kulikuwa na mbwa wa muuza nyama, na huyo naye aliulizwa kama haoni aibu.

Watu wa mtaa ule hawakushangaa. Mbwa akianza kusema, husema; mbwa wengine huchimba bustani za watu. Muuza nyama alisema kwamba kwa matamshi mbwa yule hana mpinzani, kila herufi unaisikia, ila angengoja kupambazuke vizuri ndipo aanze kutukana. Fundi viatu alimwuliza mtangazaji kama anatoza kwa kumfundisha. Walicheka kidogo, kisha wakaacha kucheka, maana ukicheka jambo lile muda mrefu unaanza kufikiri. Maneno yale hawakuyasikia kwa Njugu kwanza. Walikuwa wameyasikia kitambo, kupitia dirisha dogo la bafu la nyumbani kwa mtangazaji, jioni wakipika, na kila mmoja alikuwa ameongeza sauti ya redio yake. Sasa mbwa alikuwa ameyatoa barabarani mchana kweupe. Waliona aibu kwa niaba ya mtangazaji, kisha wakaona aibu kwa niaba yao wenyewe, na hii ya pili hawakumsamehe Njugu.

Njugu alikuwa mbwa wa mama. Mama ndiye aliyemchukua akiwa bado anatosha kwenye kofia, siku zile alipokuwa anatembea mwenyewe hadi sokoni na kurudi akiwa amegombana na wauza vitunguu wote. Alikuwa mshonaji, mjane, mwenye watoto wawili na msimamo mmoja: maneno yatamkwe. Mtoto akileta sentensi iliyotafunwa alirudishiwa. "Tamka yote, mwanangu. Neno usilimeze nusu, aliyekuzunguka naye ana njaa." Binti alisimama kando ya cherehani akarudia, akarudia, mpaka sauti ikanyooka. Ile sauti iliyompa kazi, iliyosifiwa na wageni waliopita stesheni ile mara moja tu maishani mwao, ilishonwa pale.

Kisha mama alipatwa na kiharusi. Mkono mmoja ukalala, mguu ukaufuata, na kumbukumbu ikaanza kutoka nyumbani bila kuaga. Akahamishiwa chumba cha nyuma, karibu na bafu. Mwanawe wa kiume aliishi mbali na alikuwa akituma salamu na ushauri, vitu ambavyo havifui shuka. Jirani wa kike alikuja mchana kumlisha na kumgeuza. Asubuhi, jioni na usiku vilikuwa vya binti.

Stesheni, mtangazaji alikuwa mtu wa subira. Mtoto akipotea aliletwa kwenye kibanda chake cha vioo, akamkalisha mapajani, akatangaza jina lake kwa upole mpaka mama wa mtoto akaja mbio akilia. Wazee wasiosikia vizuri alikuwa akiwarudishia tangazo lote tangu mwanzo. Lakini alipofika nyumbani ulimi wake ulibadilika ndani ya korido, mahali fulani kati ya swichi ya taa na mlango wa chumba cha nyuma. Ulimi hauna mfupa. Aliingia na kubadilisha shuka, na kuosha, na kulisha, kazi hizo zote alizifanya vizuri. Ila juu yake aliweka maneno. Yeye hakumpiga mama yake hata siku moja, na jambo hilo alijikumbusha mara nyingi kuliko inavyohitajika kwa mtu asiyepiga.

Njugu alilala kwenye miguu ya mama, ile iliyokuwa haipati joto, akasikiliza. Hapo ndipo aliposoma. Aliona kwamba mtu akiingia na kumkuta mwingine amekaa tu, hivi ndivyo anavyosema naye. Alipotoka nje akakuta mbwa wamekaa tu, alifanya adabu aliyofunzwa.

Pengine mambo yangeishia mtaani, kama sauti isingekuwa ile. Abiria wengi walipita mtaa ule kwenda stesheni. Baada ya muda watu kwenye majukwaa, wakisikia "Abiria mnaombwa," walianza kujikagua nguo kwanza. Wanawake walinusa mikono ya magauni yao. Mzee mmoja alikosa treni kabisa, kwa kuwa aliposikia tangazo alikwenda chooni kuangalia suruali yake, na ilikuwa safi.

Msimamizi wa stesheni alimwita ofisini akafunga mlango, kisha akaufungua, kisha akaufunga.

"Mimi mambo ya nyumbani kwa mtu siingilii," alisema. "Unanijua."

"Nakujua, bosi."

"Lakini yule mbwa, dada yangu. Yule mbwa hapana. Kuna mstaafu wa polisi anafundisha mbwa, watu wanamwita Afande. Mpeleke. Nyumba njema si mlango, lakini mlango nao usipige kelele."

Alicheka peke yake. Mtangazaji alishukuru. Alipokuwa akishuka ngazi alielewa kwamba msimamizi anajua, na jirani wa mchana anajua, na muuza nyama anajua, na kwamba wote wamekubaliana bila kikao kumzungumzia mbwa. Ilimpa nafuu. Kisha ile nafuu ikamtia aibu kuliko yote yaliyotangulia, akashika ukuta wa ngazi akangoja ipite.

Afande alifundishia kwenye uwanja mtupu nyuma ya karakana ya treni. Alikuwa mtu mwembamba mwenye kofia, mifuko yake ya koti imejaa vipande vya maini ya kuchemsha, hata nzi walimwamkia kabla ya watu. Alikuja na mbwa wake mwenyewe, jike kubwa la kijivu, kiziwi, lililotembea kama linabeba kabati. Aliliita Shangazi.

"Huyu hana ugomvi na mtu," alisema. "Ameshastaafu, kama mimi. Wewe simama kule kwenye nguzo. Mbali. Mbwa wako akimwona Shangazi, kabla hajafungua mdomo, mpe ini. Akishafungua mdomo umechelewa."

"Basi?"

"Na kamba ilegee. Ukiikaza, hofu yako inashuka kwenye kamba mpaka shingoni kwake. Anasema, kumbe hata mwenyewe anaogopa, ngoja nianze mimi."

Siku ile ya kwanza walifanya kazi ya kutazama tu. Njugu alimtazama Shangazi kutoka mbali, masikio yakasimama, ini likaingia mdomoni kabla ya maneno. Alitafuna akafikiri. Alitazama tena, akapata tena. Siku nyingine walisogea mbele kidogo. Mkono wa mtangazaji ulikuwa unakaza kamba wenyewe bila yeye kujua, na Afande alikuwa akisema kutoka ng'ambo, "Kamba, mama, kamba," kwa sauti ya mtu anayemkumbusha mgeni kwamba kiatu chake hakijafungwa. Taratibu alijifunza kulegeza vidole. Alianza kuipenda saa ile ya uwanjani. Hapo palikuwa na kosa linalorekebishika kwa maini.

Ikafika siku ambayo Njugu na Shangazi walikuwa karibu, kiasi cha mtu kumpa mwenzake chumvi mezani. Njugu alikuwa ametulia. Mtangazaji alikuwa ameingiza mkono mfukoni. Shangazi, ambaye miguu ya nyuma ilikuwa ikimtetemeka tangu asubuhi, alikaa chini, na pale alipokaa pakalowa. Uzee tu, hata mwenyewe hakugeuka kuangalia.

Njugu akasema:

"Tena? Si nimetoka kukubadilisha sasa hivi? Unafanya makusudi. Utakufa lini na mimi nipumzike?"

Kila herufi ilisikika. Na lile la mwisho lilishuka taratibu, kwa upole, vilevile ambavyo stesheni sauti hiyo ilishuka ikisema tunawatakia safari njema.

Shangazi alikuwa kiziwi miaka mingi. Hata hivyo aliinamisha kichwa, akajikokota, akageuza uso kwenye uzio wa karakana.

Mtangazaji alibaki na kipande cha ini mkononi. Alikuwa amelisema neno lile mara nyingi, lakini hakuwahi kulisikia. Mtu anayesema hukaa nyuma ya sauti yake. Hakujua kwamba kwa mbele iko hivyo. Alitaka kusema kitu, chochote, akaogopa kitakavyotoka.

Afande alitoa kitambaa mfukoni. Alipiga goti akamfuta Shangazi miguu, bila haraka, akisema, "Haidhuru, bibi wee. Haidhuru." Kisha akakikunja kitambaa mara nyingi kuliko kilivyohitaji kukunjwa.

"Nyumbani kuna nani?" aliuliza, akikitazama kitambaa.

"Mama yangu."

"Mtu mzima?"

"Ameshakula chumvi nyingi."

"Na uko naye peke yako."

"Peke yangu."

Afande alikirudisha kitambaa mfukoni. "Mbwa hazushi, mama. Mbwa anakariri. Dawa ziko mbili. Ama maneno yasisemwe, ama yeye asiyasikie. Mimi..." Alivua kofia, akaivaa. "Mimi nafundisha mbwa."

Angeweza kuongeza kitu. Alikuwa nacho mdomoni, na mtangazaji alikiona. Angeweza kusema kuna watu wanaosaidia, au mwambie ndugu yako aje, au mficha uchi hazai. Angeweza hata kumwuliza mama analala wapi. Lakini Afande alikuwa mwanamume mwenye haya, na Njugu alikuwa ameanza kuvuta kamba, kwa hiyo alisema, "Turudi hatua moja nyuma, tuanze upya," wakarudi, wakaanza upya.

Jioni ile mtangazaji alijaribu dawa ya kwanza, na lazima isemwe kwamba aliijaribu kwa moyo wake wote. Aliingia chumba cha nyuma midomo imefungwa. Alibadilisha shuka kimya. Alimwosha mama kimya, akamvalisha kimya, akamwegemeza kwenye mito, akaanza kumlisha supu. Mama alimfuata kwa macho kila alipogeuka. Kimya kile hakuwa amekizoea. Alikuwa amejifunza kuyakalia maneno kama mtu anavyokalia kiti kibovu, akijua msumari uko wapi. Kimya hakujua kitamchoma wapi.

"Nimekosa nini, mwanangu?" aliuliza mama. Tangu kiharusi ulimi wake ulikuwa mzito, na neno lilitoka nusu.

"Hakuna."

"Umekasirika."

"Sijakasirika, mama. Kunywa."

Mama aliinua mkono mzima kumshika binti shavu, mkono ukakutana na bakuli. Supu ikamwagika juu ya shuka safi, na juu ya gauni safi, na juu ya sare ya kazi ya mtangazaji. Dawa ya kwanza iliishia hapo. Maneno yalitoka yote, na lile la mwisho likiwemo, na Njugu alikuwa kitandani miguuni pa mama, masikio yamesimama, mwanafunzi mwema.

Alipomaliza kusema, mtangazaji alikaa ukingoni mwa kitanda akalia. Mama alimpapasa mgongo kwa ule mkono mzima. "Basi, basi," alisema, asikumbuke tena binti analilia nini. Aibu aliyoisikia binti wakati ule ilikuwa kubwa kiasi kwamba alidhani itamfanya kitu, itamgeuza mtu mwingine kufikia asubuhi. Aibu haikufanya kitu. Ilikuwa imeshazoea nyumba, ilikaa naye pale ukingoni mpaka shuka ikahitaji kufuliwa.

Kisha aliinuka akachukua dawa ya pili. Alikunja blanketi la Njugu akalipeleka kwenye mlango wa mbele.

"Njugu yuko wapi?" aliuliza mama.

"Yuko shule."

"Miguu yangu ina baridi."

Alimvalisha soksi, jozi mbili. Mama aliitazama miguu yake kwa adabu, kama mtu aliyepewa zawadi isiyo yake.

Tangu hapo chumba cha nyuma kilifungwa, na taulo likasukumwa chini ya mlango. Mtangazaji alikuwa fundi wa sauti. Alijua inafika wapi, inazuiliwa na nini, na jinsi ya kuisema chini chini bila kupoteza herufi. Dirisha dogo la bafu nalo alilitia komeo. Mchana alikwenda uwanjani na maini.

Njugu alisahau kidogo kidogo. Kwanza yaliondoka yale ya kufa na kupumzika; siku hiyo Afande alisema, "Ahaa," akampa vipande viwili. Kisha yakaondoka ya makusudi. Kwa mbwa mweupe wa duka la dawa alisema tu, "Tena?" lakini kwa unyonge, kama anayeuliza njia. Baadaye hilo nalo likapungua likawa sauti ya kawaida ya mbwa, na baadaye hata sauti ile akaiacha. Alijifunza kwamba akimwona mwenzake, na akahisi lile jambo linapanda kooni, dawa ni kukaa chini, kufunga mdomo na kuinua macho. Hapo ini huja.

Siku ya mwisho alimkaribia Shangazi peke yake, kamba imelegea chini. Alimnusa ubavuni, akamlamba sikio lisilosikia, akalala kando yake. Shangazi alishusha pumzi. 

"Amehitimu," alisema Afande, akimpa Njugu ini zima. Kwa mtangazaji alinyoosha mkono, akaushika wake kidogo zaidi ya kawaida. "Msalimie mama."

"Zimefika."

Mtaa mzima ulipata nafuu. Muuza nyama alimtupia Njugu mfupa na kumwita mheshimiwa. Fundi viatu alidai amekosa burudani. Mwenye duka la dawa alimweka mbwa wake mweupe chini, akawaangalia wakinusana, akampongeza mtangazaji kwa mikono miwili.

"Hongera, jirani! Kumbe kila kitu kinarekebishika, mtu akiamua."

"Tunashukuru."

"Na mama hajambo?"

"Hajambo kabisa. Anakusalimu."

Redio zilipunguzwa sauti. Stesheni, abiria waliacha kujikagua nguo. Waliposikia "Abiria mnaombwa," waliinua mizigo yao na kwenda walikoombwa kwenda. Msimamizi alimpitia kwenye kibanda cha vioo akamwinulia kidole gumba.

Jioni hiyo mtangazaji aliwasha taa ya korido, akaweka bakuli la supu kwenye sinia, akaingia chumba cha nyuma. Aliusukuma mlango kwa kisigino na kulikanyagia taulo mahali pake. Shuka zilikuwa zimelowa. Mama alikuwa amelala ameelekea ukutani, soksi moja imemtoka, akasema kabla ya kuulizwa chochote, "Nisamehe, mwanangu. Sitarudia." Alijitahidi kulitamka lote, nusu isimezwe.

Njugu alikuwa koridoni nje ya mlango, pua imeelekezwa kwenye taulo. Alikuwa akija pale kila jioni, maana harufu ya miguu ya mama ilipita hata pale ambapo sauti ilizuiliwa. Sauti nayo haikuzuilika yote. Ilikuwa chini sana, laini, ikishuka kidogo mwishoni. Manyoya ya mgongo wake yalianza kusimama. Lile jambo likapanda kooni. Njugu akakaa chini, akafunga mdomo, akainua macho.

Mtangazaji alipotoka na shuka mkononi alimkuta hivyo, amekaa vizuri, kimya, anamtazama. Alisimama naye kidogo chini ya taa. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akampa ini.